Wagema wa baridi: maandalizi ya kugema mepo (maple) msimu huu, njooni tupange mapema

MgemaWaBaridi (Vermont), 11 Januari, 20:47

Wakuu salaam. Kwa walio wapya humu: mimi mtu wa Pangani, maisha yakanitupa Vermont huku Marekani, na marehemu babu yangu alikuwa mgema. Alipanda minazi mpaka uzeeni, kotama kiunoni, kibuyu kinaning'inia. (Na swala tano hazimpiti, hayo tuyaache.) Kwa hiyo mwaka wa kwanza nilipomwona jirani anatoboa mti wa mepo kwa drili na kutundika ndoo ya kukinga maji yake, sikuuliza anafanya nini. Nilijua. Nilichouliza ni kwa nini anagema kwenye theluji, na kwa nini amesimama chini.

Huu ni msimu wangu wa nne. Nina miti mitano uani na minne kwa jirani, ambaye magoti yamemkataa na sasa ananiachia mimi. Msimu uliopita nilipata lita saba za shira, ule utamu mzito unaobaki ukichemsha maji ya mti. Zingekuwa tisa kama si upumbavu wangu, nitausimulia kadiri uzi unavyokwenda.

Nafungua uzi Januari kwa sababu makosa yangu karibu yote yalitokana na kuanza kujiandaa siku maji yalipoanza kutoka. Maji hayangoji mtu. Usiku unaganda, mchana jua linachomoza, joto linafika digrii nne au tano, na ndoo inamwagika kabla hujatoka kazini. Kama huna pa kuyahifadhi, huna kuni, huna trei, utabaki kuyatazama yakiharibika.

Hali yangu mpaka leo: vibomba, ile mirija ya kuchomeka shimoni, nimevichemsha na kuvikausha. Natumia vya milimita 8. Vile vinene vya zamani vya milimita 11 jirani kavipigilia ukutani, pambo. Ndoo zote ni za plastiki ya kuwekea chakula, niliomba bure kwa waoka mikate, zilikuwa za krimu ya keki. Nimeziosha mara tatu na mbili bado zinanukia vanila. Kuni ndizo zinaninyima usingizi. Nilipasua mwezi wa kumi nikafunika, upepo wa Desemba ukafunua turubai, rundo la juu limelowa lote.

Nyie mko wapi?

Binti_Kilifi (Maine), 11 Januari, 21:30

Hodi kwenye uzi kaka. Mimi niko Lewiston, nyumba ya kupanga, nyuma kuna miti mitatu mikubwa. Jirani ameniambia ni mepo. Kwetu mnazi unagemwa mwaka mzima, mgema apanda asubuhi na jioni, achonga karara kidogo kidogo. Huku eti mnatoboa mara moja tu basi? Halafu mwaka jana nilionja maji ya huyo jirani nikaona ni maji tu, hayana utamu wowote. Ama alinifanyia mzaha?

MgemaWaBaridi, 11 Januari, 21:58

@Binti_Kilifi karibu dada. Hakukufanyia mzaha. Maji ya mepo wa sukari yana sukari asilimia 2 hivi, ulimi unayapita bila kuyasikia. Tembo la mnazi likitoka tu lina kama 10 mpaka 15, ndiyo maana la asubuhi ni tamu. Wazee wa huku wana hesabu yao: chukua 86, gawa kwa asilimia ya sukari, unapata lita za maji zinazohitajika kwa lita moja ya shira. Asilimia 2 ni lita 43. Mti wenye asilimia moja na nusu, lita 57. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Kwetu mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huku umsifu usimsifu, kazi yake ni kuyatoa hayo maji mpaka kuni ziishe.

Na ndiyo, unatoboa mara moja tu kwa msimu. Mnazi unatoa kwa sababu umekata karara linalolishwa. Mepo unatoa kwa sababu ya kuganda na kuyeyuka. Usiku ukiganda mti unavuta maji kutoka mizizini, na gesi iliyo ndani ya mbao inabanwa na barafu. Mchana barafu ikiyeyuka ule mbano unaachia, maji yanasukumwa, yanatafuta tundu. Joto mfululizo, ndoo kavu. Baridi mfululizo, ndoo kavu vilevile. Unataka usiku chini ya sifuri, mchana juu yake, siku nyingi zifuatane hivyo.

TajiriMtoto (Texas), 11 Januari, 22:15

Samahani wakuu kwa kuwaharibia sherehe. Chupa zipo dukani, unaingia na viatu safi unatoka na viatu safi. Mleta uzi anasema lita saba msimu MZIMA. Ukitoa kuni, vibomba na saa za kukesha nje kwenye baridi, si unajilipa senti? Nauliza kibiashara tu.

MgemaWaBaridi, 11 Januari, 22:21

Kibiashara uko sahihi, sibishi. Mwaka wa kwanza nilichemshia gesi, ule mtungi wa kuchomea nyama wa kilo 9. Ulinipa lita mbili kasoro. Piga hesabu mwenyewe ucheke. Lakini wewe si unalipia jimu ukakimbie juu ya mkanda usiofika popote?

TajiriMtoto, 11 Januari, 22:24

😂😂 Nimekaa kimya. Naweka kiti hapa.

Mzee_wa_Lanark (Ontario), 12 Januari, 06:10

Wanangu hamjambo. Nimegema misimu 17 huku Lanark. Niruhusuni niseme machache kabla hamjaumiza miti ya watu.

Mti usiofika sentimita 25 kwa kipenyo uacheni ukue. Nimesema kipenyo, si mzunguko, kila mwaka kuna kijana anakosea hapo. Ukizungusha kamba, isipungue sentimita 80. Tundu moja. Ukifika kipenyo cha 45 unaweza kutoboa mawili, na mimi la tatu siongezi hata mti uwe kama mbuyu. Kina sentimita 4, drili ielekee juu kidogo ili maji yateremke. Tazama unga unaotoka: ukiwa mweupe wa maziwa endelea. Ukiwa wa kahawia umeingia kwenye kovu, hapo hakuna kitu. Tundu jipya lisikae juu ya la zamani wala chini yake, sogea pembeni sentimita 15 au zaidi. Mti hauponyi tundu. Unalizungushia ukuta, na mbao iliyokufa ndani hupanda na kushuka mstari mrefu kuliko mnavyodhani kwa kutazama kovu la nje.

Kibomba usikipige kama msumari. Gonga taratibu huku unasikiliza. Mlio ukigeuka kutoka mwembamba kuwa mzito, acha hapo hapo. Pigo moja la ziada linapasua mbao, na maji yatavuja pembeni msimu wote unaangalia.

Na wewe mleta uzi, kuchemsha vibomba ni vizuri, ila vya plastiki nunua vipya kila mwaka. Kinachofunga tundu mapema ni bakteria. Watafiti wa Proctor, kituo cha Chuo Kikuu cha Vermont, huko huko kwenu, wamelipima jambo hili miaka na miaka, kibomba kipya kinatoa maji zaidi.

MgemaWaBaridi, 12 Januari, 07:02

Shikamoo mzee. Nimepokea yote. Vibomba vipya nimeagiza sasa hivi, hata chai sijanywa.

Mzee_wa_Lanark, 12 Januari, 07:15

Marahaba mwanangu. Kunywa chai.

Mapendo_243 (Maine), 13 Januari, 19:40

Bandugu, jambo kwenu. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Portland. Dada wa Kilifi, usiamini jirani, angalia mti mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilitoboa mti nikangoja wiki mbili. Ndoo ilijaa theluji tu. Haukuwa mepo hata kidogo. Watoto wangu wananicheka mpaka leo, kila mti tunaopita njiani wananiuliza, mama, huu je?

Wakati huu hakuna majani, basi angalia vitawi. Vya mepo vinatoka viwili viwili vinatazamana, kama mikono ya mtu. Vikipishana, kimoja huku kingine juu zaidi, achana nao. Lakini esh (ash), mti mwingine wa huku, nao vitawi vyake vinatazamana, ule ndio ulionidanganya. Esh mkubwa gome lake lina mistari inayokatana kama wavu. Halafu angalia macho ya kitawi, yale machipukizi yaliyofumba: mepo wa sukari jicho lake ni la kahawia, limechongoka kama ncha ya penseli. Mepo mwekundu macho ni mekundu, butu. Wote wawili unaweza kugema, ila mwekundu sukari yake kidogo na unachipua mapema, kwa hiyo msimu wake unaisha haraka.

Siku hizi mimi ninafunga utepe kwenye miti mwezi wa kumi majani yakiwa bado yapo. Usumbufu umeisha.

Binti_Kilifi, 14 Januari, 17:25

Nimetoka nje na tochi nikipigwa na upepo. Miwili vitawi vinatazamana na macho yamechongoka, kahawia. Wa tatu ni huo esh wako dada Mapendo, gome kama wavu kabisa! Asante sana, ningekuwa kichekesho cha mtaa.

Nimemwandikia mwenye nyumba kuomba ruhusa. Amekubali, kwa sharti moja: nisichemshie ndani. Sijaelewa kwa nini, jiko ni la umeme halina moshi.

MgemaWaBaridi, 14 Januari, 18:03

Huyo ameshawahi kupata mpangaji mgema. Fikiria dada: lita 43 zigeuke lita moja, hizo 42 zimeenda wapi? Kwenye kuta. Mimi nilijaribu mwaka wa kwanza, mke wangu alikuwa kazini. Karatasi ya ukuta ilibanduka kama ganda la ndizi, madirisha yakatiririka, kengele ya moshi ikalia bila moto. Ndani malizia tu, lita mbili tatu za mwisho zilizokwisha kuwa nzito. Nyingine zote nje.

Mnyalukolo (Iringa), 16 Januari, 13:11

Habari za huko ughaibuni. Nasoma huu uzi huku nacheka peke yangu. Huku mvua zimeshika, ulanzi umeanza. Sisi tunakata ncha ya mwanzi mchanga, tunaweka mbeta (chombo cha mwanzi cha kukingia), asubuhi unachukua togwa tamu, jioni unachonga tena kidogo. Ukichelewa siku moja umepata kitu cha kuimbia. Swali: huo mepo wenu ukikaa si unachacha na wenyewe? Au ndio mnatuficha?

Mzee_wa_Lanark, 16 Januari, 15:48

Unaharibika kijana, lakini si kwa raha unayoitaka. Sukari ni kidogo mno. Unapata maji ya ukungu, yanateleza, yana harufu ya chakula kilicholala. Mimi huwaambia watu hapa wayachukulie kama maziwa mabichi: baridi chini ya digrii 4, kivulini, ndoo imefukiwa kwenye theluji, na yachemshwe ndani ya siku chache. Wiki ni nyingi tayari. Maji yaliyolala hutoa shira nyeusi hata ukichemsha kwa ufundi wote.

Binti_Kilifi, 16 Januari, 20:19

Na ndoo ikiganda juu? Jirani anatupa barafu. Nikaona ni israfu.

Mzee_wa_Lanark, 16 Januari, 20:40

Itupwe. Maji yakiganda, kinachotangulia kuwa barafu ni maji matupu, sukari inabaki chini. Barafu ni kuni ulizookoa.

MgemaWaBaridi, 16 Januari, 20:52

Kwa heshima zote mzee, hapo tunatofautiana kidogo. Ile ganda ya juu natupa. Lakini ndoo ikiganda nusu nzima, barafu hiyo ina utamu wake, nimeionja. Naiacha ichuruzike kwanza kwenye chujio ndipo natupa.

Mzee_wa_Lanark, 16 Januari, 20:55

Kuni ni zako.

Mama_Iliki (Ohio), 27 Januari, 11:05

Nyie mnapanga, mie nshagema! Assalamu alaykum. Huku Ohio wiki hii mchana umefika digrii 6, usiku umeganda, nikatoa drili yangu. Ndoo nne zimejaa tangu jana. Watu wa kaskazini bado mnahesabu kalenda.

MgemaWaBaridi, 27 Januari, 12:30

Waalaykumu salaam bi mkubwa, hongera. Sisi hapa bado mti ni jiwe, usiku digrii 20 chini ya sifuri. Wazee wa Vermont walikuwa wanatoboa siku ya mkutano wa mji, Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu. Siku hizi ukingoja mpaka hapo kuna miaka utakuta umeachwa na maji mazuri ya mwanzo. Mimi natazama utabiri wa siku kumi. Nikiona siku tatu mfululizo zenye mchana juu ya sifuri, natoboa mchana wa kwanza. Sitoboi mbao ikiwa imeganda, inapasuka.

Mapendo_243, 27 Januari, 18:44

Kuna mtu kazini ananiambia lazima upande wa kusini wa mti. Kweli?

Mzee_wa_Lanark, 27 Januari, 19:20

Upande wa kusini huanza mapema kwa sababu jua linaupiga, na huacha mapema. Msimu ukiisha mizani ni ile ile. Ukitoboa kusini kila mwaka, baada ya miaka sita unatoboa makovu. Zunguka mti.

MgemaWaBaridi, 1 Februari, 16:50

Leo nimejenga jiko. Nimepanga bloku za saruji kama herufi U, safu tatu, mdomo unatazama upepo unakotoka, nyuma bomba la moshi la mita moja na nusu. Juu trei tatu za chuma kisichoshika kutu, zile ndefu za kuwekea chakula kwenye mahoteli. Upana wa trei ndio siri. Sufuria refu linachemka siku mbili kwa sababu mvuke hauna pa kutokea. Trei zangu tatu zikishika moto mzuri zinapunguza kama lita 15 kwa saa. Bloku zitapasuka kwa joto, zangu hudumu msimu mmoja, mwakani nanunua nyingine. Mwenye uwezo atie matofali ya kuhimili moto kwa ndani.

Kuni nimezipasua upya, nyembamba kama mkono wa mtoto. Gogo nene linakaa linafuka. Hapa unataka mwali, na unalisha kila dakika saba nane.

Sasa ule upumbavu. Mwaka jana mwezi wa tatu, Jumapili, nimeanza saa kumi na mbili asubuhi, nimeshaingiza lita karibu 80, trei ya mwisho imeanza kuwa na rangi ya chai. Simu inaita, dada yangu Tanga, mambo ya shamba la mama. Nikasogea pembeni kwa sababu ya kelele za moto. Kusema kweli nilikasirika, nikawa natembea huku nabishana. Niliporudi sikuona mvuke, niliona moshi. Shira ikipungua kwenye trei haikuagi. Kwa saa nzima inashuka polepole, halafu dakika tano za mwisho inakimbia. Trei ilikuwa na lami nyeusi inayotoa mapovu na ukingo umepinda. Lita mbili zimeenda. Shamba lenyewe hatujaelewana mpaka leo.

Tangu hapo nina sheria: kimiminika kisipungue vidole vitatu kwenye trei, na simu inabaki ndani.

TajiriMtoto, 1 Februari, 17:30

Hii ya shamba la mama imeniuma kuliko shira. Pole mkuu.

Binti_Kilifi, 2 Februari, 08:12

Pole kaka. Sasa nieleze mwisho wake. Unajuaje imeiva? Kwa macho tu?

Mzee_wa_Lanark, 2 Februari, 09:35

Kwa kipimajoto, binti yangu. Siku hiyo hiyo chemsha maji ya kawaida, soma yanachemka digrii ngapi, kwa sababu hubadilika na hali ya hewa na mwinuko. Ongeza 4. Maji yakichemka 100, shira imeiva 104. Usikariri 104, kariri ile tofauti. Mwenye haidromita, kile chombo cha kupimia sukari kwenye kimiminika, atafute sukari ya 66 au 67 kwa mia. Chini ya hapo itaota ukungu chupani, juu ya hapo itatengeneza mawe ya sukari chini ya chupa.

Ikifoka kutaka kumwagika, tone la siagi. Tone, si kijiko.

Halafu utaona kitu kama matope meupe chini. Wengi hushtuka. Ule ni mchanga wa sukari, madini yaliyokuwa kwenye maji ya mti yamegandamana. Chuja ikiwa ya moto kwa kitambaa kizito cha sufu kilicholowekwa kwanza kwenye maji ya moto. Ikipoa haipiti, utalia. Jaza chupa ikiwa bado digrii 82 mpaka 85, funga, ilaze ubavu ili kifuniko kipate joto.

Binti_Kilifi, 2 Februari, 09:50

Asante baba. Nina swali la mwisho naahidi. Kwenye mnada wa vitu vya zamani kuna ndoo za bati zenye vifuniko, nzuri sana, bei ya kutupa. Nichukue?

Mzee_wa_Lanark, 2 Februari, 10:04

Ndoo za zamani za bati nyingi zililehemewa kwa risasi. Panda maua.

Mama_Iliki, 10 Februari, 14:22

Jamani Ramadhani hiyo wiki ijayo. Mwaka huu msimu na mwezi mtukufu vimekutana uso kwa uso, na mie nna chupa sita. Nimejaribu kaimati kwa shira ya mepo. Nawaambieni kwa hatua mlizofika nyie haifai! Hiyo shira ya digrii 104 ni nyepesi, kaimati inalowa, inakuwa kama sponji. Irudishe motoni peke yake, sufuria ndogo, moto wa wastani, mpaka ivute uzi baina ya vidole. Mie kipimajoto changu kilisoma kama 112. Tia iliki, zima moto, mimina kaimati zikiwa moto, pindua pindua mpaka shira ianze kugeuka ya maziwa na kushika. Zafarani usitie, mepo ina harufu yake, vitagombana.

Na tumieni ile nyeusi ya mwisho wa msimu. Ile ya mwanzo ya dhahabu ni ya kujionyesha kwa wageni, ukishatia iliki huisikii.

MgemaWaBaridi, 10 Februari, 15:00

Bi mkubwa hiyo 112 ndiyo ile ile wanayomwaga hapa juu ya theluji! Inashika kama ubani laini, unaizungushia kwenye uma. Watu wa Vermont wanakula na achari ya matango na donati. Nilidhani wananitania mpaka niliposhuhudia mtu na akili zake anauma tango la siki katikati ya sukari.

Mnyalukolo, 10 Februari, 15:33

Tango?

MgemaWaBaridi, 10 Februari, 15:34

Tango.

TajiriMtoto, 12 Februari, 23:05

Wakuu nimekosa usingizi nasoma habari za shira, mmeniharibu. Hivi ni kweli kuna watu waliiba shira ya mamilioni ya dola Kanada, au ni za mtandaoni?

Mzee_wa_Lanark, 13 Februari, 06:25

Ni kweli. Québec inatoa sehemu kubwa ya shira yote ya mepo duniani, kama asilimia 70, na chama cha wazalishaji kinaweka akiba kwenye maghala ili bei isiyumbe miaka mibaya. Mwaka 2012 mkaguzi alikwenda kuhesabu mapipa kwenye ghala moja, akakuta mengine matupu na mengine yana maji. Karibu tani 3,000 zilikuwa zimenyonywa, thamani ya dola milioni 18 na zaidi za Kanada. Watu walifungwa.

Lakini kabla ya maghala na vyama, Waabenaki na Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa huku, walikuwa wakiigema miti hii, wanakata gome kwa shoka na kukinga kwa vyombo vya gome la mti. Waliikausha zaidi kuwa sukari kavu, kwa sababu sukari inabebeka na haimwagiki. Wengine bado wanagema.

Mapendo_243, 13 Februari, 07:10

Mapipa yalitiwa maji! Kumbe yule mgema wa methali alihamia Québec.

MgemaWaBaridi, 25 Februari, 13:40

Nimetoboa. Mchana umefika digrii 5. Matundu 11, unga mweupe yote isipokuwa moja, nikahama. Mti mkubwa wa jirani ulianza kudondosha kabla sijaweka kibomba, tone likanipiga kwenye mkono. Jirani alikuwa dirishani na kikombe chake ananihesabia. Mwishoni alifungua dirisha akasema ule wa kona nimegonga sana. Kweli unavuja.

Binti_Kilifi, 27 Februari, 18:01

Mimi matundu mawili, ndoo mbili, lita 14 kwa siku mbili! Ziko kwenye theluji chini ya ngazi. Mwenye nyumba amekuja kuchungulia, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwetu ni kazi ya wanaume, wangeniona huko wangenifukuza mnazini.

Mapendo_243, 27 Februari, 20:13

Leta ndoo zako kwangu Jumapili dada, tuchemshe pamoja. Lita 14 peke yake ni kupoteza kuni. Mimi nina 50, na watoto wa kulisha moto ninao.

Mzee_wa_Lanark, 1 Machi, 06:40

Mkishawasha moto angalieni pia miti juu. Siku macho ya vitawi yakifura, maji yanabadilika, shira inatoka na harufu ya jani bichi lililopikwa, hata iliki ya bi mkubwa haitaifunika. Hapo ng'oa vibomba, acha matundu wazi, usizibe na kitu. Tamaa ya lita moja ya mwisho imeniharibia chupa nyingi.

MgemaWaBaridi, 7 Machi, 17:35

Nimechemsha tangu alfajiri, lita 130 na kitu. Moto ulikuwa mzuri, kuni zilizolowa nilizianika pembeni ya jiko zikakauka zenyewe. Simu niliiacha ndani, sasa naandika nikiwa jikoni. Nimechuja kwa sufu, imepita, chupa sita zimelala ubavu mezani na ya saba haijajaa. Rangi ni ya dhahabu kabisa, ukiinua taani unaona upande wa pili. Jirani kaonja, kasema iko sawa, lakini huyo husema iko sawa hata kwa ile niliyounguza.

Mimi sijaonja. Magharibi bado dakika kumi na kitu, kijiko kiko mkononi, na mke wangu amesimama mlangoni ananitazama.